Kiuzbeki na Kitamili: zinajengwa namna moja, lakini haziko ndugu

Kiuzbeki ni lugha ya Uzbekistani, inchi ya Asia ya kati ambayo haigusi bahari, na majirani wake wote pia hawagusi bahari. Muji mukuu wake ni Tashkent. Kitamili ni lugha ya Tamil Nadu, jimbo la kusini kabisa mwa India, na ya kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka. Kutoka Tashkent mupaka Chennai, muji mukuu wa Tamil Nadu, ni zaidi ya kilometa 3000, na katikati kuna milima mirefu kuliko yote duniani. Muuzbeki na Mutamili wakikutana hawaelewani hata salamu. Lakini mutu mwenye kujifunza lugha zote mbili anashangaa mapema: sentensi zao zinatembea kwa njia moja. Neno kwa neno, kipande kwa kipande, karibu sawa.

Hapo swali linakuja lenyewe: hizi lugha ziko ndugu? Jibu la wenye kusomea lugha ni hapana. Namna wanafikia hiyo hapana inafaa kujulikana hata kwetu, juu hapa mashariki mara nyingi maneno mawili au matatu yakifanana, mutu anaamua tayari kabila fulani limetoka wapi na nani ni mwenyeji.

Kwanza tujue ukubwa. Kiuzbeki kinasemwa na watu zaidi ya milioni 30, wengi Uzbekistani, wengine Afganistani, Tajikistani, Kirgizistani, Kazakistani na Turkmenistani. Kitamili ni kikubwa zaidi: sensa ya India ya mwaka wa 2011 ilihesabu zaidi ya milioni 69 wenye kusema Kitamili kama lugha ya kwanza, na hapo hatujaongeza Sri Lanka, Malaysia na Singapore. Kwetu tumezoea kuita kila mutu wa kule "Muhindi" na kuwaza kwamba wote wanasema Kihindi. Katiba ya India inataja lugha 22. Watamili wengi hawasemi Kihindi, na kuwaambia kwamba hiyo ndiyo lugha yao ni kugusa kidonda. Tutaona sababu mbele.

Sentensi inayotembea kinyumenyume

Tuchukue sentensi fupi: "Mimi ninasoma kitabu." Muuzbeki anasema "Men kitob o'qiyman". Mutamili anasema "Nan puttakam padikkiren". (Kitamili kina herufi zake, hapa tumeandika kwa herufi zetu.) Zote mbili zinapanga hivi: mimi, kitabu, kisha kusoma. Kitenzi kinangoja mwisho, kila mara. Musikilizaji anapashwa kuvumilia mupaka neno la mwisho njo ajue kama kitabu kimesomwa, kimeuzwa ao kimeibwa.

Sasa tufungue kitenzi chenyewe. Kiswahili "ninasoma" kina vipande vitatu: ni, na, soma. Yaani mimi, sasa, kusoma. Kiuzbeki "o'qiyman" kina vipande vilevile vitatu: o'qi (kusoma), y (sasa), man (mimi). Kitamili "padikkiren": padi (kusoma), kkir (sasa), en (mimi). Ni kama mutu alichukua "ninasoma" akaisoma kutoka nyuma. Kiswahili kinabandika mbele ya neno, Kiuzbeki na Kitamili vinabandika nyuma. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hawezi kuogopa sana lugha hizi; kazi ya kuunganisha vipande anaijua tangu utoto, inabaki paka kugeuza upande.

Na majina ni vile. Kwa Kiuzbeki nyumba ni "uy". Nyumba nyingi ni "uylar". Nyumba zetu, "uylarimiz". Ndani ya nyumba zetu, "uylarimizda". Kila kipande kina kazi moja na kinakaa kwenye nafasi yake: nyingi, yetu, ndani. Kitamili: nyumba ni "vidu", nyumba nyingi "vidugal", ndani ya nyumba "vidugalil". Tofauti ndogo ni kwamba "yetu" kwa Kitamili inakaa mbele kama neno la peke yake: "engal vidugalil". Kiswahili pia kina mukia mumoja wa namna hii, ile "ni" ya "nyumbani". Kwa hiyo "nyumbani", "uyda" na "vittil" zinajengwa sawa kabisa, hata kama kwetu watu wengi wanapenda kusema "ku nyumba" na "mu nyumba".

Mufano mwengine wenye unaonyesha ufanano kuliko yote ni huu. Sisi tunasema "mutu aliyekuja", ao mu mazungumzo "mutu mwenye alikuja". Mutu anatangulia, maelezo yanafuata. Kiuzbeki kinasema "kelgan odam", Kitamili "vanda manidan". Zote mbili: kuja-kwisha, kisha mutu. Maelezo yote yanatangulia, hata yakiwa marefu namna gani, na mutu mwenye kuelezwa anafika wa mwisho.

Pale zinaachana

Kwa Kiuzbeki, "u" ni yeye: mwanaume, mwanamuke, ngombe ao kiti. "Keldi" ni amekuja, bila kujali nani. Hapo Kiuzbeki kiko karibu na Kiswahili chetu, chenye hakitofautishi baba na mama katika "alikuja". Kitamili kinatofautisha, na mukia wa kitenzi ndio unasema: "vandan" alikuja mwanaume, "vandal" alikuja mwanamuke, "vandar" alikuja mutu wa kuheshimiwa, "vandadu" kilikuja kitu ao munyama. Sarufi ya Kitamili ya zamani inagawanya majina yote mafungu mawili: la juu, la wenye akili, na la chini, la visivyo na akili. Mwenye kuzoea ngeli za Kiswahili hatashangaa sana.

Kitamili kina kitu kingine ambacho Kiuzbeki hakina, na Kiswahili pia hakina: "sisi" mbili. "Nam" ni sisi pamoja na wewe mwenye unanisikia. "Nangal" ni sisi, lakini wewe hauko ndani. Waza mukutano wa kata, mukubwa mumoja anasimama na kusema "sisi tutalipa". Kwa Kiswahili watu wanatazamana: sisi nani? Kwa Kitamili hakuna pa kujificha, neno lenyewe linasema kama musikilizaji atatoa feza ao hapana.

Kukana pia kunatofautiana. Kiuzbeki kinaingiza "ma" ndogo katikati: "keldim" nilikuja, "kelmadim" sikuja. Kitamili kinatumia "varavillai" kwa wote: mimi sikuja, wewe haukuja, wao hawakuja, neno linabaki moja.

Heshima ziko pande zote mbili. Muuzbeki anasema "sen" kwa mutoto ao rafiki wa karibu, na "siz" kwa mukubwa ao mugeni. Mutamili ana "ni" na "ningal" kwa kazi ileile. Na kote kuwili haiitwi jina tupu la mutu aliyekuzidi miaka, unaongeza neno la udugu nyuma ya jina, hata kama hamuna damu moja.

Aka, akka na kaka

Na maneno hayo ya udugu njo yenye mutego. Kwa Kiuzbeki kaka mukubwa ni "aka". Kwa Kitamili dada mukubwa ni "akka". Kwa Kiswahili tuna "kaka". Mutu mwenye haraka ataweka maneno matatu haya pamoja na kutangaza kwamba Wauzbeki, Watamili na Waswahili walitoka nyumba moja. Lakini maneno ya baba, mama, kaka na dada yanafanana-fanana dunia nzima, juu yanatengenezwa na sauti zenye mutoto anatoa kwanza. Hayawezi kuwa ushuhuda. Angalia wengine wa familia moja: mudogo mwanaume ni "uka" kwa Kiuzbeki, "tambi" kwa Kitamili; dada mukubwa ni "opa" kwa Kiuzbeki. Ufanano umekwisha hapo.

Mutego wa pili ni maneno ya kukopa. Muswahili akisoma gazeti la Tashkent atatambua maneno mengi: kitob, qalam, daftar, xabar, dunyo, vaqt, savol, javob, salom. Yaani kitabu, kalamu, daftari, habari, dunia, wakati, swali, jibu, salamu. Hakuna undugu hapo. Kiuzbeki na Kiswahili vilikopa kwenye duka moja, Kiarabu, kwa njia ya dini, ya masomo na ya biashara, na Kiuzbeki mara nyingi kilipitia Kiajemi kwanza. Kitamili pia kilipata vyake: mwenye kutetea watu tribinali ni "vakkil" kwa Kitamili, "wakili" kwetu, na kwa Kiuzbeki "vakil" ni mujumbe. Meza yetu na "mesai" ya Kitamili zote zilishuka kutoka meli za Wareno. Kiuzbeki hakikuona Wareno. Kinasema "stol", neno la Kirusi.

Hata neno "kitabu" lenye tulitumia juu kulinganisha sentensi, kwa pande zote mbili ni la kukopa: kitob ni la Kiarabu, puttakam linatoka Kisanskriti.

Basi undugu unapimwaje? Wenye kusomea lugha wanashika maneno yenye watu hawakopi kwa urahisi: namba za chini, macho, mukono, damu, meno, maji. Tena hawatafuti kufanana kwa bahati, wanatafuta sauti zenye zinabadilika kwa utaratibu, neno kwa neno. Kuanzia moja mupaka tano, Kiuzbeki kinahesabu: bir, ikki, uch, to'rt, besh. Kituruki cha Uturuki: bir, iki, üç, dört, beş. Hapo hata mwenye hajasoma anaona undugu. Kitamili: ondru, irandu, mundru, nangu, aindu. Na Kimalayalam, jirani yake: onnu, randu, munnu, nalu, anchu. Undugu mwengine, nyumba ingine. Jicho ni "ko'z" kwa Kiuzbeki na "göz" kwa Kituruki. Kwa Kitamili ni "kan", kwa Kimalayalam na Kitelugu "kannu".

Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwa lugha ine za taifa za Congo. Kiswahili na Kikongo zinasema "tatu", Lingala "misato", Tshiluba "isatu". Zote za Kibantu, na inaonekana. Kiswahili kinabaki cha Kibantu hata kama kamusi yake imejaa Kiarabu, na sasa Kifaransa.

Kwa hiyo Kiuzbeki ni cha familia ya Kituruki, tawi moja na Kiuyghur cha magharibi ya China. Kitamili ni cha familia ya Kidravidi, pamoja na Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Kosa la kuziunganisha halikuanza na watu wa barabarani. Mwaka wa 1856 musionari Robert Caldwell, mwenye aliishi eneo la Tirunelveli kule kusini mwa India, alitoa kitabu kikubwa cha kulinganisha lugha za Kidravidi. Alionyesha vizuri kwamba hazikuzaliwa na Kisanskriti, jambo ambalo Francis Whyte Ellis alikuwa amelisema tangu 1816. Lakini Caldwell alienda mbali zaidi, akawaza lugha hizo ziko na undugu na kundi aliloita la Kisikithia, na ndani yake aliweka lugha za Kituruki. Mikia ya maneno na kitenzi cha mwisho vilimuvuta. Baadaye wengine wakatafuta babu mumoja wa zamani sana wa familia nyingi za Asia na Ulaya, zote mbili hizi zikiwa ndani. Wataalamu wengi hawakubali, juu kwa umbali wa miaka ile ushuhuda unakuwa mwembamba sana.

Na mwenye kuuliza, basi ufanano umetoka wapi? Jibu ni kwamba namna za kupanga sentensi duniani haziko nyingi. Lugha yenye kuweka kitenzi mwisho mara nyingi inaweka pia "ndani", "kwa" na "kutoka" nyuma ya jina, na maelezo mbele ya mutu. Kijapani ni vile. Kikechua cha milima ya Peru ni vile. Watu wawili wanaweza kujenga nyumba ya matofali yenye milango sawa bila baba mumoja.

Kalamu iliyobadilishwa mara tatu

Ikiwa sarufi zao zinafanana, historia za maandishi yao ni kinyume. Kiuzbeki kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Mukubwa wa waandishi wake, Alisher Navoi, alizaliwa Herat mwaka wa 1441 na kufa 1501. Wakati wake mutu wa heshima aliandika Kiajemi. Kituruki kilionekana lugha ya askari na wachungaji. Mwaka wa 1499 Navoi aliandika kitabu "Muhokamat ul-lug'atayn". Muswahili anaweza kukitafsiri karibu peke yake: mahakama ya lugha mbili. Humo alihesabu vitenzi 100 vya Kituruki ambavyo, kwake, Kiajemi hakikuwa na neno lake, na akasema Kiajemi kinaita kaka mukubwa na mudogo kwa neno moja wakati Kituruki kinawatofautisha. Alikuwa wakili wa upande mumoja, hatuwezi kusema hakimu. Lakini aliifanya lugha ya nyumbani iandikwe bila haya.

Kiajemi hata vile kiliacha alama yake. Miji ya Samarkand na Bukhara imesema lugha mbili kwa karne nyingi, na Kiuzbeki cha shule kimepoteza ule mupango wa vokali zenye kufuatana ambao ndugu zake wa Kituruki bado wanashika. Mukate ni "non", soko ni "bozor", maneno ya Kiajemi.

Halafu wakaja Wasovieti. Kati ya 1927 na 1929 herufi za Kiarabu ziliondolewa, zikawekwa za Kilatini. Kuwa na kitabu cha herufi za zamani kukaanza kuleta mashaka. Tarehe 4 Oktoba 1938, pale Tashkent, waandishi Abdulla Qodiriy, Cho'lpon na Fitrat walipigwa risasi. Qodiriy ndiye mwenye aliandika riwaya ya kwanza ya Kiuzbeki. Mwaka wa 1940 herufi zikabadilishwa tena, sasa za Kirusi. Mutu aliyezaliwa 1910 alijifunza kusoma mara tatu katika lugha yake mwenyewe bila kuhama kijiji.

Kiuzbeki kilifanywa lugha ya serikali tarehe 21 Oktoba 1989, mbele ya uhuru wa 1991. Mwaka wa 1993 sheria ikarudisha Kilatini, 1995 ikarekebisha herufi, na tarehe ya kumaliza kazi imesogezwa mara nyingi. Mupaka sasa mutoto wa shule anasoma Kilatini, babu yake anasoma gazeti la herufi za Kirusi, na binamu yao wa Afganistani anaandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa simu wanaelewana. Kwa barua wanahitaji musaada. Hata zile herufi o' na g' zenye alama pembeni bado zinaleta mabishano, juu kila mutu anaiandika alama ile kwa namna yake kwenye telefone.

Lugha ambayo ilikataa kusogea

Watamili hawakukubali mutu aguse kalamu yao. Maandishi ya Kitamili kwenye mawe yana zaidi ya miaka 2000, umbo la herufi lilibadilika polepole tu, na mwaka wa 1578, pale Kollam, kitabu cha mafundisho ya dini kilichapwa kwa Kitamili, cha kwanza kuchapwa kwa herufi za lugha ya India. Mutoto anajifunza herufi 247: vokali 12, konsonanti 18, michanganyo 216 na moja ya pekee. Inatisha kwa kuisikia, lakini mwenye kushika zile 30 za kwanza amekwisha kupata funguo ya nyingine.

Maneno nayo yalilindwa. Mwaka wa 1916 Maraimalai Adigal alianzisha mwendo wa Kitamili safi, kutoa maneno ya Kisanskriti na kurudisha ya asili. Ndiyo maana badala ya "puttakam" utasikia pia "nul". Mwaka wa 1937 serikali ya Madras ililazimisha Kihindi mashuleni. Watu wakaandamana, na 1940 amri ikaondolewa. Januari 1965, wakati Kihindi kilipaswa kubaki lugha pekee ya kazi ya serikali kuu ya India, maandamano yakarudi na watu wakakufa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa karibu 70. Kiingereza kikabaki, na tangu 1968 Tamil Nadu inafundisha lugha mbili, Kitamili na Kiingereza. Hicho ndicho kidonda kilichotajwa juu.

Sri Lanka ilikuwa vibaya zaidi. Mwaka wa 1956 sheria ilifanya Kisinhala lugha pekee ya serikali, na mufanyakazi Mutamili akalazimika kujifunza Kisinhala ao kupoteza cheo. Usiku wa kuingia tarehe 1 Juni 1981 maktaba ya Jaffna ilichomwa, na zaidi ya vitabu 90,000 vikaungua, pamoja na maandiko ya zamani yaliyoandikwa kwenye majani ya mitende. Vita vilianza 1983 na kwisha 2009. Katikati, 1987, Kitamili kiliingizwa katika katiba kama lugha ya serikali, lakini bunduki zilikuwa zinasema tayari. Lugha haikuwa sababu ya peke yake, lakini bila sheria ile ya 1956 ni vigumu kueleza vita hivyo.

Kushika maandishi ya zamani nako kuna bei yake. Kitamili cha kuandika na Kitamili cha kusema vimeachana sana. Kwenye kitabu mbili ni "irandu", kwenye soko ni "rendu". Moja ni "ondru", watu wanasema "onnu". Ndani ya nyumba ni "vittil" kwa kalamu, "vittule" kwa mudomo. Watu wa radio za Chennai na Jaffna wanaishi na lugha zote mbili kila siku: habari zinasomwa kwa Kitamili cha maandiko, na wakati simu za wasikilizaji zinafunguliwa, mutangazaji yuleyule anaanza kusema "rendu".